Mara: nani alilaumiwa mtu alipokandamizwa usingizini huko Skandinavia

Mnorwei anayezinduka usiku akitokwa na jasho husema kwamba amepata mareritt. Mtu wa Denmark husema mareridt, Mswidi husema mardröm, na mtu wa Aisilandi husema martröð. Maneno hayo manne siku hizi humaanisha ndoto ya kutisha, na wengi wanaoyatamka hawaifikirii tena sehemu yake ya kwanza. Lakini sehemu hiyo ni jina la kiumbe. Mareritt na mareridt ni kupandwa na mara, kama farasi anavyopandwa na mpandaji wake. Martröð ni kukanyagwa na mara. Mardröm ni ndoto iletwayo na mara. Kiumbe huyo hana uhusiano na mara yetu ya kuhesabia wala na mto Mara. Ni sauti tu zilizogongana.

Jina hilo lina ndugu wengi. Neno la Kiingereza nightmare limembeba mara yuleyule, naye si farasi jike kama wengi wanavyodhani, kwa sababu katika Kiingereza cha kale hayo yalikuwa maneno mawili tofauti ambayo matamshi yake yalikuja kukutana baadaye. Neno la Kifaransa cauchemar limeunganisha kitenzi cha zamani cha kukanyaga na kubana na jina hilohilo, na Wapoland wana zmora. Wafini, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, hawakuchukua jina bali wana wazo lenyewe: painajainen, kutokana na kitenzi chao cha kukandamiza. Nasi Waswahili tuna jinamizi, neno ambalo mzizi wake unaonekana katika kitenzi inama, na hata leo tunasema kwamba mtu amekabwa au amelaliwa na jinamizi. Hatusemi kwamba ameliota. Msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, yuko karibu na maana ya kale kuliko Mnorwei wa leo, ambaye kwake neno limebaki na ndoto peke yake.

Makala nyingi fupi humweleza mara kuwa ni pepo wa ndoto mbaya. Maelezo hayo yana makosa mawili, na kuyarekebisha ndiko kunakofungua mada nzima. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba watu wa zamani walikuwa wakizungumzia ndoto, ilhali walikuwa wakizungumzia jambo lililompata mtu mwilini, kitandani mwake, macho yakiwa yamefumbuka. Kosa la pili ni kumfikiria mara kuwa shetani asiye na kwao. Katika simulizi nyingi zilizokusanywa vijijini, mara alikuwa na nyumba, alikuwa na jina la ubatizo, na pengine alikuwa na mchumba au watoto. Alikuwa mwanamke wa jirani, na aghalabu mwenyewe hakujua kwamba ndiye.

Tuanze na mwili. Aliyepandwa na mara alisimulia kwamba alizinduka, akakiona chumba chake jinsi kilivyo, lakini hakuweza kusogeza hata kidole. Alihisi kwamba kuna mtu au kitu mle ndani. Uzito ulianza miguuni, ukapanda taratibu hadi tumboni, kisha ukatua kifuani, na pumzi ikawa nzito. Alijaribu kupiga kelele, sauti ikakataa. Wengine waliona umbo la mwanamke, wengine waliona paka au mbwa, na wengine hawakuona chochote bali uzito tu. Kisha ghafla kila kitu kiliachia, akabaki amelowa jasho, moyo ukienda mbio. Maelezo haya yanarudiwa karibu bila kubadilika, kutoka visiwa vya Denmark hadi kaskazini mwa Uswidi, na uthabiti huo ni jambo la kukumbuka tutakapofika kwenye sayansi ya usingizi.

Ushahidi maarufu wa kale kuhusu mara unahusu kifo cha mfalme. Snorri Sturluson, mwanazuoni na mwanasiasa wa Aisilandi, aliandika kiasi cha mwaka 1230 historia ya wafalme wa Norwei, na sehemu ya mwanzo ya kazi hiyo inasimulia ukoo wa kale wa wafalme wa Uppsala, nchini Uswidi. Mmoja wao ni Vanlandi. Huyu alisafiri hadi nchi ya Wafini, akakaa kipindi cha baridi kwa mzee aitwaye Snjár, akamwoa binti yake, Drífa. Majina hayo mawili yanatokana na theluji, jambo linaloonyesha kwamba tumeingia katika ulimwengu wa hekaya. Vanlandi alipoondoka, aliahidi kurudi baada ya miaka mitatu. Ikapita miaka kumi, hakurudi.

Drífa alimlipa mchawi aitwaye Huldr ili amvute Vanlandi kwa uchawi arudi, na asiporudi, auawe. Mfalme akiwa Uppsala alishikwa na hamu kubwa ya kwenda kwa mkewe, lakini rafiki zake na washauri wake walimkataza, wakisema kwamba hamu hiyo ni uchawi wa kule. Ndipo usingizi ukamshika, akalala. Hakulala sana kabla ya kupiga ukelele kwamba mara anamkanyaga. Watu wake walikimbilia kumsaidia. Walipomshika kichwani, mara alimkanyaga miguu hata ikakaribia kuvunjika. Walipoikimbilia miguu, alimkandamiza kichwa mpaka akafa. Walimchoma maiti kando ya mto uitwao Skúta. Snorri anaunga mkono habari hiyo kwa ubeti wa shairi la zamani zaidi linalonasibishwa na Þjóðólfr wa Hvinir, ambamo tayari inatajwa kwamba mara alimtesa mfalme huyo.

Kisa hiki kina mambo matatu yaliyofungamana, na wasomaji huyachanganya. Yupo mwenye kinyongo, ambaye ni Drífa, mke aliyeachwa bila kutimiziwa ahadi. Yupo mwenye ujuzi, ambaye ni Huldr. Na kipo kile kinachomkanyaga mtu kitandani. Maandishi hayasemi kama mara ni Huldr mwenyewe aliyejigeuza, au ni kitu alichokituma, na nadhani msimulizi hakuona haja ya kuchagua. Kilichokuwa na uzito kwake ni kwamba hamu na hasira ya mwanamke mmoja vimesafiri kutoka nchi moja hadi nyingine vikawa uzito juu ya mwili wa mwanamume. Si bure kwamba kabla ya kukanyagwa Vanlandi alihisi kwanza hamu ya kurudi. Mara alikuja baada ya kuvutwa kwa upole kushindikana.

Saga nyingine ya Aisilandi, yaani simulizi ndefu ya kale, iitwayo Eyrbyggja, inatuonyesha jambo hilohilo likiwa limetoka ikulu na kuingia katika ugomvi wa majirani. Katika rasi ya Snæfellsnes, magharibi mwa kisiwa, kijana Gunnlaugr alikuwa akienda mara kwa mara nyumbani kwa Geirríðr, mwanamke mjuzi wa mambo ya siri, ili ajifunze kwake. Njiani alipita nyumbani kwa Katla, mwanamke mwingine, ambaye alimtaka alale kwake, naye akakataa kila aliposhikiliwa. Jioni moja Geirríðr alimwonya asisafiri usiku huo, akimwambia kwamba wapandao usiku ni wengi. Gunnlaugr hakusikia. Alikutwa nje ya mlango wa baba yake akiwa hana fahamu, ana damu, na nyama imechanika mwilini. Aliugua kipindi chote cha baridi.

Mwana wa Katla alieneza habari kwamba Geirríðr ndiye aliyempanda kijana, na baba yake Gunnlaugr akamshitaki kwenye baraza la Þórsnes kwa kosa la kuwa kveldriða, yaani mwanamke mpandaji wa nyakati za jioni. Geirríðr aliachiliwa baada ya kaka yake, Arnkell, aliyekuwa mtu mwenye cheo, kuapa kwa niaba yake pamoja na waapaji wengine kumi na mmoja. Baadaye Katla, alipokuwa anakaribia kuuawa kwa makosa mengine, alikiri kwamba yeye ndiye aliyemdhuru Gunnlaugr. Ni kweli kwamba Gunnlaugr hakuwa amelala kitandani, kwa hiyo kisa hiki si cha mara kamili. Lakini neno alilotumia Geirríðr katika onyo lake, marlíðendr, huhusishwa na jina la mara, na shitaka lenyewe linatufundisha kwamba kumpanda mtu lilikuwa jambo ambalo mtu aliweza kulipeleka mbele ya baraza na kutaja jina la mwenzake.

Sheria za maandishi zinathibitisha hilo. Sheria ya Kikristo ya kale ya Eidsivathing, mashariki mwa Norwei, ina kifungu juu ya mwanamke anayetuhumiwa kuwapanda watu. Sheria ya kale ya Västergötland, nchini Uswidi, iliyoandikwa karne ya 13, inaorodhesha matusi ambayo mtu akimtamkia mwanamke atatozwa faini, na moja ni kumwambia kwamba ameonekana akipanda lango la zizi, nywele zimetimka, katika umbo la zimwi, wakati usiku na mchana vimelingana. Hapa anayelindwa na sheria ni mwanamke anayesingiziwa. Waliotunga sheria hiyo walijua jinsi ilivyo rahisi kumwangusha mtu kwa maneno ya namna hiyo.

Tukitoka katika zama za kati na kuingia katika simulizi zilizokusanywa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sura ya mara inabadilika kwa namna ambayo binafsi naiona kuwa ya kusikitisha sana. Wakusanyaji kama Evald Tang Kristensen, mwalimu aliyezunguka Jutland, rasi ya Denmark, kwa miguu miaka mingi akiandika masimulizi ya wakulima maskini, walisikia tena na tena kwamba mara hazaliwi mchawi. Anafanywa mara na kosa la mama yake. Mama huyo, akiogopa uchungu wa uzazi, alichukua utando anaozaliwa nao mtoto wa farasi, akautandaza juu ya vijiti, akapenya ndani yake akiwa uchi. Kwa kufanya hivyo alijihakikishia kuzaa bila maumivu, kama farasi anavyozaa kwa wepesi. Lakini malipo yalimfuata mtoto: akizaliwa wa kiume atakuwa mtu anayegeuka mbwamwitu, akizaliwa wa kike atakuwa mara.

Imani hii ina mantiki yake. Kanisa lilifundisha kwamba uchungu wa uzazi ni sehemu ya adhabu ya Hawa, na mwanamke aliyeukwepa alionekana kukwepa hukumu ya Mungu kwa msaada wa mnyama. Kwa hiyo simulizi ilibeba onyo kwa wanawake wote wenye mimba, katika zama ambazo uzazi uliwaua wengi na hofu yao ilikuwa ya haki kabisa. Binti hakuwa ametenda lolote. Alilala jioni kama wengine, na usiku sehemu yake fulani ikatoka, ikapita katika tundu la ufunguo au tundu la kifundo cha ubao, ikaenda kumkalia mtu mwingine. Asubuhi aliamka amechoka bila kujua alikotoka. Watu walidai kumtambua kwa nyusi zilizokutana juu ya pua, alama ambayo binti yeyote angeweza kuzaliwa nayo.

Ni sehemu gani hiyo iliyotoka? Lugha ya kale ya Skandinavia ilikuwa na maneno mawili ya kulieleza jambo hili. Hamr lilikuwa umbo au ngozi ya nje, ambayo baadhi ya watu waliweza kuibadilisha. Hugr lilikuwa fikra, hamu, nia na hisia kwa pamoja, na iliaminiwa kwamba hugr wa mtu ulio mkali unaweza kumfikia mwingine bila mwenyewe kusogea wala kukusudia. Mtu akipiga miayo au kuwashwa ghafla, watu walisema kwamba kuna anayemfikiria. Mara ni mwisho wa mbali wa wazo hilo: hamu, wivu au kinyongo kilichozidi mpaka kikapata uzito na umbo. Mtafiti Catharina Raudvere, aliyechunguza kwa kina imani za Nordiki kuhusu mara, ameonyesha jinsi kiumbe huyu alivyokuwa njia ya kuzungumzia mivutano kati ya watu wanaoishi karibu karibu. Kwa msomaji aliyezoea habari za wanga, tofauti iko wazi: mwanga hutoka kwa hiari na kwa makusudi, na huogopwa kwa sababu hiyo, ilhali mara wa simulizi za wakulima alionewa huruma karibu sawa na aliyekaliwa naye.

Huruma hiyo inaonekana vizuri katika simulizi moja iliyoenea sana hivi kwamba Reidar Christiansen, msomi wa Norwei aliyepanga orodha ya hekaya zinazohama kutoka mahali hadi mahali, aliipa namba yake, 4010. Kijana mmoja anasumbuliwa na mara kila usiku. Anatambua kwamba huingia kupitia tundu dogo ukutani, na usiku mmoja, baada ya uzito kumtua, mtu mwingine analiziba tundu hilo kwa kigingi. Kunapokucha, chumbani yumo msichana mzuri, yuko uchi, hajui alivyofika. Kijana anampa nguo. Wanaoana, wanapata watoto, wanaishi vizuri kwa miaka. Kisha siku moja mume, kwa mzaha au kwa kutaka kujua, anamwuliza kama anajua alivyoingia katika nyumba hii, anachomoa kigingi na kumwonyesha. Mwanamke anapenya kwenye tundu, anatoweka, harudi tena. Katika baadhi ya matoleo huja usiku kuwatazama watoto wake, bila kuonekana na mumewe.

Simulizi hii inamgeuza mshambuliaji kuwa mateka. Anayemfungia ni mwanamume, na ndoa inasimama juu ya kigingi. Sidhani kwamba wasimulizi hawakuliona hilo, kwa maana wanawake walikuwa miongoni mwao, na katika jamii ambayo msichana aliolewa akapelekwa kwenye shamba la watu asiowajua, mke asiyefahamu vema jinsi alivyofika pale hakuwa kiumbe wa ajabu.

Kinga dhidi ya mara zilikuwa nyingi, na sitazipitia zote. Viatu viliachwa kando ya kitanda vidole vikielekea nje, ili mara akose njia ya kupandia. Chuma kiliwekwa karibu. Nyota ya pembe tano ilichorwa mlangoni, na Wanorwei waliiita marekors, yaani msalaba wa mara. Yalikuwepo maneno ya kusomwa kabla ya kulala, na baadhi yake yalimtaka mara ahesabu kwanza majani yote ya miti au nyota zote za mbinguni kabla ya kumgusa mlalaji, kazi ambayo alfajiri ingemkuta hajaimaliza.

Kinga iliyo tajiri zaidi inahusu farasi, kwa kuwa mara hakuwapanda watu tu. Mkulima aliyemkuta farasi wake asubuhi akihema, amelowa jasho, manyoya ya shingoni yamesokotana mafundo, alisema kwamba mara amempanda usiku kucha. Mafundo hayo Waswidi waliyaita martova. Farasi alikuwa mali ya thamani kupita karibu kila kitu kingine shambani, na mazizi ya baridi yalikuwa yamefungwa, yana joto na hewa nzito, kwa hiyo mnyama mgonjwa au aliyetoka jasho lilikuwa jambo la kutia hofu na la kutafutiwa sababu. Wengine walitundika mundu mrefu wa kufyekea majani juu ya mgongo wa farasi ili mara ajikate akijaribu kumpanda. Wengine walitundika tawi la mti wa betula lenye kichaka cha vitawi vilivyosongamana kama ufagio au kiota. Kichaka hicho husababishwa na kuvu aitwaye Taphrina betulina, lakini wakulima waliona ndani yake fundo lilelile waliloliona shingoni mwa farasi, wakakiita ufagio wa mara, na kukigeuza kuwa dawa kwa kanuni ya kwamba kinachofanana na kitu hukizuia kitu hicho. Hata msonobari uliodumaa juu ya mwamba au penye kinamasi, wenye kilele bapa na matawi yaliyopinda, ulihesabiwa kuwa kituo cha mara. Waswidi huuita martall mpaka sasa, na watu wa misitu hulitumia jina hilo bila kufikiria lilikotoka.

Hapa inafaa kumtenga mara na viumbe wengine ambao mara nyingi huwekwa naye kapu moja. Draugr ni mfu anayetoka kaburini na mwili wake. Hupigana, huvunja mapaa, lakini mara ni mtu aliye hai. Huldra wa Norwei ni mwanamke wa watu wa chini ya ardhi, ana mkia wa ng'ombe, na huwavuta wanaume msituni mchana kweupe. Alfar, jamii ya viumbe wa siri wa hekaya za Skandinavia, walilaumiwa kwa magonjwa ya ngozi na homa zilizompata mtu aliyekanyaga mahali pao. Ni Wajerumani waliowapa viumbe wa ukoo huo kazi ya kukandamiza, ndiyo maana ndoto mbaya kwa Kijerumani huitwa Alptraum. Wanazuoni wa Kanisa, kwa upande wao, walileta incubus wa Kilatini, shetani anayelala juu ya mtu kwa tamaa ya mwili, na pale makasisi walipomsoma mara kwa miwani hiyo, binti wa jirani asiyejijua alianza kufanana na mshirika wa Ibilisi. Wachoraji nao walichangia mkanganyiko. Johann Heinrich Füssli, Mswisi aliyeishi London, alionyesha mwaka 1782 mchoro wa zimwi dogo limechuchumaa juu ya tumbo la mwanamke aliyelala, kichwa cha farasi kikichungulia nyuma ya pazia, na mwaka 1800 Nicolai Abildgaard wa Denmark alichora wa kwake wenye wazo hilo. Ni michoro yenye nguvu, lakini imewafanya wengi waamini kwamba mara ni zimwi dume na mwathirika ni mwanamke, ilhali simulizi za vijijini zilisema kinyume chake katika visa vingi.

Sayansi ya usingizi ina jina la jambo hili: kupooza usingizini. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba kipo kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto hushamiri. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba katika kipindi hicho shina la ubongo huizuia misuli ya mwili isipokee amri, ili mtu asitekeleze kwa mikono na miguu yale anayoyaota. Macho na kiwambo cha kupumulia huachwa vifanye kazi. Kwa kawaida kizuizi hicho huondoka pale mtu anapoamka. Lakini pengine fahamu hutangulia na kizuizi hubaki nyuma kwa sekunde kadhaa au dakika chache, hasa kwa mtu aliyelala chali, aliyechoka, au ambaye saa zake za kulala zimevurugika. Misuli ya kati ya mbavu imelegea, kwa hiyo anayejaribu kuvuta pumzi ndefu anashindwa, na kushindwa huko anakuhisi kama uzito kifuani. Ubongo uko katika tahadhari kana kwamba kuna adui karibu, na picha za ndoto hazijazimika, kwa hiyo adui anapata umbo. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba takriban asilimia 7.6 ya watu wamepatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi kiwango kilikuwa asilimia 28.3.

Maelezo haya yanawatetea wakulima wa zamani. Hawakuzusha. David Hufford, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambako watu humtaja ajuza anayewakalia walalaji, aligundua kwamba hata watu wasiowahi kusikia habari za ajuza huyo walisimulia hatua zilezile za uzito, uwepo na hofu. Tukio linatangulia, hadithi inafuata. Mwaka 1995, watu wa Pemba na Unguja walipolala nje kwa makundi kwa kumhofia Popobawa, waliolichunguza jambo hilo walikuta miongoni mwa habari zilizosimuliwa kuna zinazofanana sana na kupooza usingizini, ingawa uso wa mshambuliaji ulikuwa wa shetani mwenye bawa na wala si wa binti wa jirani.

Ndipo lilipo swali ambalo ubongo peke yake haulijibu. Kizuizi cha misuli hueleza uzito, lakini hakielezi kwa nini uzito huo Uppsala ulikuwa na uso wa mke aliyesubiri miaka kumi, Snæfellsnes ukawa na uso wa mwanamke mjuzi ambaye kijana alikuwa akimtembelea, na Jutland ukawa na uso wa binti ambaye mama yake aliogopa kuzaa. Kila mahali aliyelaumiwa alikuwa mwanamke ambaye tayari kulikuwa na jambo lisilosemwa kati yake na watu waliomzunguka. Usiku ulileta tukio; jina lilitoka kijijini.

Hata hivyo jina hilohilo lilikuwa pia dawa. Watu waliamini kwamba mara akiambiwa waziwazi kuwa ni mara, au akiitwa kwa jina lake la ubatizo wakati amemkalia mtu, humwachia papo hapo, na katika baadhi ya simulizi hufunguliwa kabisa, asitoke tena usiku. Vilevile yeyote aliyemsikia mwenzake akikoroma na kugugumia kwa namna isiyo ya kawaida alipaswa kumwita mlalaji huyo kwa jina lake. Wataalamu wa usingizi wanasema jambo lililo karibu sana na hilo: anayepooza usingizini huweza kutoka katika hali hiyo akiguswa au akiitwa na mtu mwingine. Vibarua wa mashamba ya Denmark na Uswidi walilala wawili wawili katika kitanda kimoja, na mmoja alipoanza kugugumia gizani, mwenzake alijua la kufanya: alimwita kwa jina lake la ubatizo mpaka aitike.